Warsha ya kufikiri kwa picha kazini: anzia kwenye karatasi atakayoondoka nayo mshiriki

Warsha nyingi za mawasiliano ya kazini hupangwa kuanzia ukumbi: hoteli ipi, watu wangapi, chakula kiasi gani kwa kichwa. Mada huja baadaye, na ikifika inakuta siku imeshagawanywa kwa vipindi vya kukaa na kusikiliza. Kwa warsha ya kufikiri kwa picha, yaani ya kueleza jambo la kazi kwa kuchora, mpangilio huo haufai, maana anayejifunza ni mkono. Panga kinyumenyume. Amua kwanza mshiriki ataondoka na karatasi gani jioni: moja tu, kubwa, aliyoichora mwenyewe, inayoeleza jambo moja la kazi yake kwa mtu anayemjua. Kutoka hapo hesabu watu, meza, kuta, kalamu na dakika.

Hapa tunazungumzia warsha ya siku moja, watu 20, wawezeshaji wawili. Watu hao wanaweza kuwa wa SACCOS, wa kampuni ya kusafirisha mizigo, wa hoteli au wa idara ya mauzo; mpango ni uleule. Watu 20 ni meza 5 za watu 4. Mezani wakifika 6, wawili hugeuka watazamaji, na mtazamaji ndiye huwa wa kwanza kutoa simu. Mkubwa akikulazimisha, nenda mpaka 24 uishie hapo. Wengine wapangie siku yao.

Kazi ya kuja nayo

Wiki mbili kabla, kila mshiriki aombwe kuleta andiko moja la kazi linalomletea maswali yaleyale kila mara. Inaweza kuwa utaratibu wa kuidhinisha mkopo, barua ya kumweleza mteja kwa nini mzigo umechelewa bandarini, ripoti ya mauzo ya mwezi, au maelekezo ya kufunga hesabu za zamu. Liwe limefika kwa mwezeshaji siku 5 kabla. Mwezeshaji alisome na kuuliza mambo mawili tu: nani atalipokea, na baada ya kulipokea afanye nini?

Swali la pili ndilo linaloangusha watu. Jibu la "nataka aelewe" halichoreki. "Nataka meneja wa tawi asaini kabla ya Ijumaa" linachoreka, kwa sababu lina mtu, tendo na siku. Anayeshindwa kulijibu apigiwe simu kabla ya siku yenyewe, kwani akifika hivyohivyo atachora mapambo mpaka jioni.

Wengine watakuja mikono mitupu, hasa walioteuliwa jana yake kuziba nafasi ya mtu. Uwe na maandiko 3 ya akiba ya kubuni, lakini usiyatangaze mapema. Ukiyatangaza, nusu ya ukumbi itayachagua kwa sababu ni mepesi, na hakuna ofisi inayoyangoja.

Maandiko ya kweli yana majina ya wateja, namba za akaunti na mishahara. Vifutwe kabla havijafika ukumbini, na tarakimu zibadilishwe kwa uwiano uleule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Karatasi iliyobandikwa ukutani kisha ikapigwa picha na watu 20 imeshatoka ofisini.

Ukuta kwanza, viti baadaye

Karatasi ya ukubwa wa A1 ina upana wa karibu sentimita 60. Karatasi 20 zikipangwa mstari mmoja, na nafasi ya sentimita 15 kati yake, zinahitaji ukuta wa karibu mita 15. Kumbi nyingi hazina ukuta mtupu wa urefu huo, kwa sababu ya mapazia, madirisha na picha za twiga. Kabla ya kulipa kishika nafasi nenda na futi kamba ukapime, kisha uulize kama wanaruhusu kubandika. Wakikataa, funga kamba za katani kati ya nguzo na ununue vibanio vya nguo 80.

Tepu ya karatasi ijaribiwe usiku mmoja kabla. Bandika karatasi moja jioni, urudi asubuhi. Ukuta wa chokaa hutoa vumbi na tepu huondoka nalo. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam unyevu wa usiku humaliza kazi hiyo hata kwenye rangi ya mafuta. Kisha kuna pangaboi. Likizimwa watu wanaoka, likiwashwa karatasi zinapiga makofi na vikaratasi vya kunata vinaruka kama kumbikumbi. Dawa yake ni kubandika pembe zote nne, au kamba mbili, ya juu na ya chini, kila moja na vibanio vyake.

Meza za duara za kumbi za harusi ni pana mno, mkono haufiki katikati. Omba meza za mstatili, na vitambaa viondolewe: karatasi huteleza juu ya kitambaa na kalamu huitoboa. Tandika magazeti chini ya karatasi kubwa, kwa sababu wino wa markapeni hupenya mpaka mezani na bili ya kusafisha utaletewa wewe.

Projekta unaweza kuiacha. Hii ni mojawapo ya warsha chache ambazo umeme ukikatika zinaendelea, mradi ukumbi una madirisha ya kutosha.

Vifaa na hesabu yake

Karatasi za bangokitita (zile kubwa za A1): 3 kwa kila mtu ni 60, 3 kwa kila meza ni 15, za kuharibika 15. Jumla 90. Karatasi za A4, rimu moja ya 500 inatosha na chenji inabaki. A3 nunua 100.

Markapeni (kwenye orodha za ununuzi wataziandika "kalamu rashasha") ziwe nyeusi 25 zenye ncha iliyokatwa mshazari, na za rangi moja ya pili 12, nyekundu au bluu. Usinunue pakiti za rangi 12. Mtu akiwekewa rangi zote atachukua njano, na njano ukirudi nyuma mita mbili haionekani. Zaidi ya hapo ataanza kupaka rangi badala ya kufikiri. Rangi ya pili ina kazi moja tu, kuonyesha jicho lianzie wapi.

Hakikisha nyeusi zote ni za aina moja ya wino. Zikichanganyika za kudumu na za ubao mweupe, kabla ya saa nne asubuhi mtu atakuwa ameandika ubaoni wino usiofutika. Likitokea, pitisha kalamu ya ubao mweupe juu ya maandishi yaleyale kisha futa papo hapo. Yakibaki mabaki, malizia na kitambaa chenye spiriti.

Vikaratasi vya kunata vya milimita 76 kwa 76: kila mtu atatumia kama 60, hivyo 1,200. Vitita 12 vya karatasi 100, chukua 15. Wafundishe kubandua kwa kuvuta upande. Ukivuta kutoka chini kwenda juu kikaratasi kinajikunja na kudondoka baada ya dakika kumi. Bajeti ikibana, kata karatasi za manila kadi za sentimita 10 kwa 20 na utumie tepu. Mfumo wa kadi unaoitwa VIPP, ambao UNICEF Bangladesh iliutolea mwongozo mwaka 1993, umezoeleka kwenye mafunzo mengi ya mashirika, na kanuni yake ya wazo moja kwa kadi na mistari isiyozidi mitatu inafaa hapa bila kubadilishwa.

Penseli, rula na vifutio visiingie ukumbini kabisa. Mwenye kifutio hurekebisha pua ya mtu aliyemchora huku wenzake wamefika hatua ya nne.

Asubuhi: mkono uzoee

Anza saa 3:00 kamili. Kama kuna mgeni rasmi, mpe dakika 10 za kufungua, na umwombe naye achore kadi ya jina lake mbele ya watu. Kadi hiyo hufanya kazi kuliko hotuba.

Zoezi la kwanza ni maumbo: nukta, mstari, mshale, mraba, pembetatu, duara. Kwa maumbo hayo sita wachore vitu 12, sekunde 30 kila kimoja: mtu, watu watatu, duka, lori, simu, pesa, hati, saa, mlango, foleni, tatizo, makubaliano. Mtu ni duara juu ya pembetatu, basi. Lori ni miraba miwili na maduara mawili. Viwili vya mwisho havina umbo la kushikika, navyo ndivyo vyenye somo: meza nzima ichore "makubaliano" kimya kimya, kisha walinganishe.

Hapo ndipo utawaonyesha kwamba picha nazo zina lugha na lafudhi. Balbu inayowaka, ambayo vitabu vya ng'ambo huitumia kwa maana ya wazo jipya, hapa wengine wataisoma kuwa umeme umerudi au LUKU (umeme wa kulipia kabla) imeingizwa. Nguruwe mwenye tundu mgongoni hawezi kuwa akiba kwa kila mteja. Kipimo ni rahisi: picha ipelekwe meza ya jirani bila maelezo. Watu wawili wakitoa majibu mawili tofauti, ongeza neno moja chini yake. Hakuna aliyekataza maneno.

Kuna atakayesema hajui kuchora. Usibishane naye, wala usimwonyeshe ulivyo fundi. Mwezeshaji anayechora vizuri mno huwanyamazisha watu kuliko asiyejua, maana kila mmoja anajilinganisha naye. Chora haraka, mstari ukipinda uache, endelea. Mwenye kipaji naye atakuwepo, na huyo mpe kalamu nene na dakika tatu kama wengine.

Chai ya maziwa

Baada ya chai ya saa nne lifuate zoezi la chai yenyewe. Kila mtu, kwenye A4, dakika 3, bila kuongea: chora jinsi chai ya maziwa inavyopikwa. Kisha vunja mchoro huo kwenye kadi (vikaratasi vya kunata au vipande vya manila), hatua moja kadi moja. Halafu meza nzima iunganishe kadi zake ziwe mfululizo mmoja, bado bila kuongea, dakika 8.

Mambo matatu hutokea karibu kila meza. Mmoja ameanzia kwa ng'ombe, mwingine dukani, mwingine sufuria iko jikoni tayari. Huyu anaweka majani kabla ya maziwa na yule baada, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anafanya tofauti. Na wengi hawakuchora mtu: chai imejipika.

Usiyapite haraka hayo, toa dakika 20 za mazungumzo. Mkopo wa mwanachama unaanzia wapi: anapojaza fomu au anapouliza dirishani? Mteja anayelalamika kwamba amesubiri wiki tatu anahesabu kuanzia dirishani, na ofisi inahesabu kuanzia fomu. Wote wanasema kweli. Na ule mchoro usio na watu ndio utaratibu ulioandikwa "fomu itapelekwa", bila kusema nani anaipeleka.

Kadi zinashinda karatasi kubwa katika hatua hii kwa sababu zinahama. Waliofanya kazi vijijini wanaijua siri hii: ramani ya kijiji huchorwa kwanza chini, kwa kijiti, majivu na kokoto, ndipo ihamishiwe kwenye karatasi. Udongo haumtishi mtu, ukikosea unafuta kwa kiganja. Ukianza na markapeni kwenye karatasi kubwa, mwenye sauti ndiye atakayeshika kalamu na wengine watakubali alichochora.

Baada ya hapo kila mmoja afanye vilevile kwa andiko lake, dakika 60. Kadi zisizidi 9. Zikizidi, kuna taratibu mbili zilizobanana na zitenganishwe. Wakague mishale: kila mshale useme kinachosafiri juu yake, pesa, mzigo au taarifa. Mshale usiobeba kitu ufutwe. Mstari mzima kwa mzigo, wa vipande vipande kwa taarifa. Hiyo peke yake huonyesha palipo na mzigo unaotembea bila karatasi zake.

Mkubwa wa kazi asikae meza moja na anaowaongoza. Akikaa nao, wote watachora picha yake.

Mchana: tarakimu

Chakula cha mchana kianze saa 6:45, wapate na muda wa swala. Kwa mji wa pwani usiiweke warsha Ijumaa, labda ukubali mapumziko mpaka saa 8:00. Kipindi cha kwanza baada ya kula kifanyike watu wamesimama ukutani.

Kosa la tarakimu lililo la kawaida kuliko yote ni kuchora kitu kikubwa kwa kiasi kikubwa. Mauzo yalikuwa magunia 100 yakawa 200. Mtu anachora gunia la pili refu mara mbili na pana mara mbili. Jicho linaona eneo, na eneo limekuwa mara nne. Otto Neurath, mwanafalsafa wa Austria, na wenzake huko Vienna miaka ya 1920 waliweka kanuni inayoondoa tatizo hilo: kiasi kikizidi, ongeza idadi ya picha, usikuze picha. Marie Neurath, mwenzake katika kazi hiyo na baadaye mkewe, aliipeleka mbinu hiyo Nigeria ya Magharibi miaka ya 1950 kueleza mipango ya serikali kwa wananchi. Kwa karatasi yako: gunia moja liwakilishe magunia 20, chora 5 juu na 10 chini, yote sawasawa.

La pili ni nguzo zisizoanzia sifuri. Mauzo ya milioni 4.6 na milioni 5 yakichorwa kwenye mhimili unaoanzia 4.5, nguzo ya pili inakuwa ndefu mara tano ya ya kwanza, wakati tofauti halisi ni chini ya asilimia 9. Wachore michoro yote miwili ukutani, wakinyoosha mistari kwa ukingo wa kadi, waione ubavu kwa ubavu. Hapo wengi hucheka, kwa sababu wanaikumbuka ripoti fulani.

Kijani kwa zuri na nyekundu kwa baya msitegemee peke yake. Wapo wasiotofautisha rangi hizo mbili, na mashine ya fotokopi ya ofisini ni nyeusi na nyeupe. Weka alama ya vema na ya mkasi (X) pamoja na rangi.

Karatasi ya mwisho

Kuanzia saa 8:45 mpaka 10:00 kila mtu anachora karatasi yake. Mpangilio ambao watu hawausahau ni wa kanga: pindo, mji na jina. Pindo ni sentimita 5 zilizoachwa tupu pande zote. Karatasi iliyojazwa mpaka ukingoni haisomeki hata ikiwa na mchoro mzuri. Mji ni picha moja kuu. Jina ni sentensi moja, nayo ndiyo iandikwe kwanza, kabla ya mstari wowote kuchorwa.

Jina liwe na kitenzi. "Mchakato wa mikopo" ni kichwa cha faili. "Mkopo unakwama siku 6 mezani kwa mthamini" ni jina, na ukishaliandika picha yake unaiona. Asiyeweza kuandika jina arudi kwenye kadi zake. Hajajua anachosema, na kuchora hakutamficha. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 2.5 kwa msomaji aliye mita 3, na lugha iwe ya atakayeipokea. Ofisi nyingi huandika Kiingereza na kujadiliana Kiswahili. Kama karatasi ni ya madereva, iandikwe Kiswahili hata kama fomu yenyewe si ya Kiswahili.

Dakika ya 40 mwezeshaji apite na kuuliza kila mtu kitu kimoja cha kutoa. Si cha kuongeza.

Kuwasilisha kwa watu 20 mbele ya wote kwa dakika 4 ni dakika 80, na baada ya mtu wa nane hakuna anayesikiliza. Gawanya ukumbi: watu 10 kwa kila mwezeshaji, dakika 4 kila mmoja, dakika 40 mmemaliza. Mchoraji anyamaze dakika ya kwanza. Wenzake waseme wanachokiona, si wanachokipenda. Wakisoma kinyume cha alichokusudia, asijitetee. Apigie alama pale walipopotea. Dakika mbili za maswali, moja ya kuandika atakachobadilisha. Posho na nauli zilipwe baada ya hapo, na utaratibu huo utajwe asubuhi ili asiwepo wa kunong'ona.

Kabla ya kubandua, kila karatasi ipigwe picha kutoka mbele kabisa, mwanga ukitoka ubavuni. Kwenye WhatsApp zitumwe kama hati, kwa kuwa zikitumwa kama picha zinabanwa na maandishi madogo yanafifia. Kila mtu atumiwe yake peke yake.

Siku ya kumi mtumie kila mshiriki ujumbe wenye maswali mawili: uliyemkusudia ameiona karatasi, na ameuliza nini? Ambao karatasi zao bado zimekunjwa nyuma ya kabati utawajua kwa majibu marefu. Kwa walioitumia, maswali waliyoulizwa yaweke faili moja. Hayo ndiyo mazoezi ya warsha ijayo, na hutahitaji tena maandiko ya kubuni.